Maswali na majibu: filamu za zamani za kauboi kwenye diski za Blu-ray

Nimenunua diski ya filamu ya kauboi ya miaka ya 1960. Kila anga linapoonekana, naona vumbi linalochezacheza juu ya picha. Je, nimeuziwa diski mbovu?

Hapana, ndugu msomaji, na tafadhali usiirudishe dukani. Unachokiona ni chembechembe za mkanda wenyewe, ambazo ndizo zilizoinasa picha siku ilipopigwa, na huonekana zaidi angani kwa kuwa hapo hakuna kingine cha kuvuta jicho. Filamu nyingi za kauboi za Waitalia, zikiwemo za mwongozaji Sergio Leone, zilipigwa kwa mfumo wa Techniscope, ambao kila picha ilichukua urefu wa matundu 2 ya ukingoni mwa mkanda badala ya 4 ya kawaida ili kubana gharama, hivyo picha hiyo ndogo ikalazimika kukuzwa zaidi, na chembe zake zikakuzwa pamoja nayo.

Wapo watengenezaji wa diski wanaozifuta chembe hizo kwa kompyuta wakidhani wanamfurahisha mnunuzi. Mtazame mwigizaji kamera inapomsogelea usoni: katika diski iliyofutwa kupita kiasi, vishina vya ndevu, mikunjo ya ngozi iliyochomwa na jua na nyuzi za kitambaa cha shingoni hutoweka, akabaki na uso laini kama sanamu ya nta. Hakuna runinga inayoweza kuyarudisha hayo. Baina ya diski yenye chembe na iliyosafishwa hivyo, sisiti hata kidogo kuchagua ya kwanza.

Inakuwaje *The Searchers* ya mwaka 1956 ionekane safi kuliko filamu zilizoifuata kwa miaka kumi na zaidi?

Kwa sababu kinachoamua si umri, bali ukubwa wa picha kwenye negativu, yaani mkanda uliopita ndani ya kamera, na hali ya negativu hiyo. John Ford aliipiga filamu hii kwa VistaVision, mfumo ambao mkanda uleule wa milimita 35 ulipita kwenye kamera kwa ulalo badala ya kushuka wima, picha moja ikachukua matundu 8, na eneo lake likazidi maradufu lile la kawaida. Diski ya Blu-ray hubeba nukta 1920 kwa 1080 tu, kiasi ambacho negativu ya namna hiyo hukizidi kwa mbali. Ndiyo maana nyufa za miamba ya Monument Valley, bonde la Marekani linaloonekana katika filamu hiyo, zinahesabika.

Mbona *Stagecoach* ina mikwaruzo hata kwenye toleo la kampuni inayosifika?

Negativu asilia ya filamu hiyo ya mwaka 1939 haipo tena. Toleo la kampuni hiyo, Criterion, la mwaka 2010 lilitokana na negativu ya nakala ya mwaka 1942, na kila picha inaponakiliwa hupoteza sehemu ya ukali wake. Mikwaruzo mingine haiondoki bila kuharibu kilicho chini yake, na hapo ni heri iachwe.

Rangi za filamu moja hutofautiana kati ya toleo na toleo. Nifuate lipi?

Swali gumu, maana rangi za negativu nyingi za enzi hiyo zimefifia, na mrekebishaji hulazimika kuamua upya. Uamuzi huo waweza kukosewa: toleo la mwaka 2014 la *The Good, the Bad and the Ugly* lililalamikiwa sana kwa umanjano uliotanda hadi angani na kwenye nyuso. Kabla ya kununua, linganisha picha za matoleo yote, ukianza na mawingu na mashati meupe, kwani hapo rangi iliyopotoshwa hujifichua mapema.

Nirekebishe nini kwenye runinga yangu?

Punguza kiwango cha ukali wa picha, kwa kuwa kikizidi huchora ukingo mweupe kuzunguka kofia na farasi. Zima kipengele cha kulainisha mwendo, maana filamu hizi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Mistari myeusi ya juu na chini, au ya pembeni kwa filamu kama *High Noon*, iache ilivyo. Ukiivuta picha ijaze kioo, utawakata waigizaji au kuwanenepesha.