Kabla ya kutandika mbao, imulike sakafu

Chumba cha kwanza nilichotandikiwa mbao za sakafu kilianza kulia wiki ya tatu. Ukikanyaga karibu na mlango, kwa! Ukirudi, kwa! Nyumba ni ya marehemu baba, Ngamiani hapa Tanga, na sakafu yake ni niru (saruji iliyosuguliwa ikawa laini) ya zamani iliyong'aa kwa miaka ya kudekiwa. Nikazilaumu mbao. Nilipofungua vipande vitatu nikakuta ulimi wa kimoja (ukingo unaoingia kwenye ubao wa jirani) umekatika, na chini yake bonde la kuingiza kidole.

Sakafu ya namna hii huelea: mbao zinabanana zenyewe, hazigundishwi wala kupigiliwa misumari. Penye bonde ubao unageuka daraja, kila ukikanyagwa unashuka na kupanda, na kinachoumia ni maungio. Fundi alikuwa ameniambia, "Bosi, tuweke sponji mbili, itakaa tu." Nikakubali, uvivu wangu. Sponji ni ile inayotandikwa chini ya mbao; kuziweka mbili ndiko kulikozidisha kucheza.

Chumba cha pili nilikipima mwenyewe. Tafuta bomba la mraba la alumini, mita 2, lililonyooka kweli (ubao uliopinda utakudanganya). Usiku zima taa, lilaze chini, weka tochi ya simu nyuma yake. Mwanga unapopenya pana bonde. Bomba likibembea, pana kinundu. Mimi nilitumia biti ya keekee ya milimita 3: ikipita chini ya bomba kwa ulegevu, hapo pana kazi. Zungusha bomba pande zote, weka alama kwa chaki. Pima maji iache kwenye begi. Sakafu ikiinama kidogo upande mmoja lakini imenyooka, mbao hazina ugomvi nayo. Zisichotaka ni mawimbi.

Anza na vinundu, kwa grinda yenye diski ya kusagia zege. Fungua madirisha, vaa barakoa ya maana, maana vumbi lile lina silika (chembe za madini ya mchanga) na mapafu hayalisamehi. Mimi nilisaga vinundu viwili, na "bonde" lililokuwa katikati yake likatoweka.

Mabonde mengine nilijaza saruji na mchanga, tabaka jembamba, juu ya niru vilevile. Baada ya siku mbili likabanduka kama ukoko wa wali. Niru ni laini mno, haishikiki. Ikwangue mpaka ipoteze mng'ao, ondoa vumbi lote, paka praima ya kushikisha, ndipo umimine saruji ya kujisawazisha kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye mfuko wake. Ukiongeza maji ili itiririke vizuri, ikikauka juu itakuwa unga.

Halafu unyevu. Gundisha kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zizibwe kwa selotepu, ufunue kesho yake. Mimi nilijaribu Aprili, masika yamekolea: matone chini ya nailoni, niru imebadilika rangi. Nikafunga chumba hadi Julai, nikajaribu tena, pakavu. Hata hivyo nilitandika nailoni nzito chini ya sponji, vipande vikipandiana sentimita 20, na kando ya kuta nikaacha nafasi ya sentimita 1 mbao zipate pa kutanukia.

Chumba cha pili kimenyamaza. Cha kwanza bado kinalia; mke wangu kanikataza kukigusa mpaka watoto wafunge shule.