Umeshikwa na Hesabu za Fedha? Nisikilize Kabla Hujahama Kozi

Juzi nimepokea ujumbe wa binti wa mwaka wa kwanza, anasoma hapahapa Moshi. Kapata 9 kati ya 30 kwenye testi ya hesabu za fedha, anataka kuhama kozi. "Kaka, mimi nimetoka HGE (historia, jiografia na uchumi), hesabu si zangu." Sentensi hiyo nimeirudia mara tatu, maana niliwahi kuisema mimi, kwa maneno hayohayo.

Hesabu yangu ya mwisho sekondari ilikuwa BAM, lile somo dogo la hesabu la kidato cha tano na sita. Chuoni nikaona dawa ni kukariri: fomula ya riba juu ya riba, ya thamani ya sasa, ya marejesho. Nilizibandika ukutani juu ya kitanda, na usiku wa kuamkia mtihani niliweza kuziandika zote bila kuchungulia. Matokeo yakatoka, nina sapu, yaani nimefeli na natakiwa kurudia mtihani. Mwenzangu wa chumbani akasema mbele ya watu, "Nilishamwambia, hili somo si la watu wa historia." Leo tunasalimiana vizuri, lakini neno lile halijanitoka.

Likizo nikaenda kumsaidia mama Kiboriloni, anauza mitumba. Mchana mmoja wateja wamepungua, nimekaa juu ya belo, akanipa daftari lake la mkopo. "Wewe si ndiyo unasomea haya? Niangalizie kama wananitoza sawa."

Mkopo 1,000,000, riba asilimia 18 kwa mwaka, miezi 12, rejesho 98,334 kila mwezi. Nikaichukua fomula yangu ya ukutani, nikaweka 0.18, nikaweka 12. Ikaja 208,628.

Mama akachungulia. "Laki mbili kwa mwezi? Baba, ningekuwa nimeshafunga meza."

Ndilo kosa nililofanya kwenye mtihani. Riba ilikuwa ya mwaka, marejesho ya mwezi, na mimi nimevichanganya bila kujiuliza jibu linaingia akilini au la. Nikagawanya 18 kwa 12, nikapata asilimia 1.5 kwa mwezi. Ikaja 91,680. Afadhali, lakini bado si ya kwenye daftari.

Basi nikageuza ukurasa wa nyuma nikachora mstari wenye vituo 12, chini ya kila kituo deni lililobaki. Kwa hesabu ya darasani, mwezi wa kwanza riba ni 15,000 na 76,680 inakata deni, linabaki 923,320. Mwezi wa pili riba inashuka hadi 13,850. Inaendelea kushuka hivyo kadiri deni linavyopungua. Kwa mama riba ilipigwa kwenye mkopo wote, si kwenye salio: 15,000 mwezi wa kwanza, 15,000 mwezi wa sita, 15,000 hata mwezi wa mwisho akiwa amebakiza rejesho moja. Alikuwa analipia riba pesa ambazo ameshazirudisha. Kwa mwaka mzima tofauti ni karibu shilingi 80,000, na ukiipima kwa deni analobaki nalo kila mwezi, ile asilimia 18 yake ni karibu 32.

Mama hakusema kitu. Alichukua daftari, akalifunga kwa raba yake. Mkopo uliofuata alikaa mbele ya afisa akauliza kwanza: riba ni ya mkopo wote au ya salio?

Sapu nilifaulu. Chuoni kwetu ukisapu huvuki C, na C hiyo ipo kwenye matokeo yangu mpaka leo. Sasa nafanya kazi ya mikopo kwenye SACCOS, na siku haipiti bila kuchora mstari ule.

Kwa hiyo mdogo wangu, usihame. Acha madesa ya fomula. Chora mstari kwanza, weka kila shilingi kwenye mwezi wake, ndipo ushike kalkuleta. Riba na muda viwe vya kipimo kimoja, mwezi kwa mwezi au mwaka kwa mwaka. Ile fomula ndefu ya marejesho inayokutisha ni GP ya kidato cha tatu tu, ule mfuatano ambao kila namba inazidishwa kwa kiasi kilekile kupata inayofuata: malipo 12, kila moja limerudishwa kwenye thamani yake ya leo, yakajumlishwa. Uvivu wa kuchora ndio unaotuangusha, si HGE. Nasema tena, chora.

Swali la kwanza la testi yako lirudie leo jioni, bila fomula, mstari tu. Lipige picha unitumie, nitakuonyesha shilingi ya kwanza ilipotakiwa kukaa.