Taa za wenzangu zinanipofusha usiku. Nifunge balbu za LED?

Swali

Salaam fundi. Naishi Kihonda, Morogoro, nina miaka 47. Kila Ijumaa nikitoka kazini napakia mchele kwenye Toyota Raum yangu, magunia mawili, wakati mwingine matatu, naupeleka Dar. Naondoka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo safari karibu yote ni giza. Tatizo langu ni taa za magari yanayokuja, hasa kuanzia Chalinze hadi Mlandizi. Yakinikaribia, kioo chote kinakuwa cheupe, sioni barabara. Cha ajabu, madereva wengi wananipigia fuli (taa za mbali) mimi, wakati nimeweka dimu (taa za chini). Fundi mmoja ameniambia taa zangu zimechoka, nifunge balbu za LED ili nami nilingane nao. Mdogo wangu kaniletea miwani ya njano ya kuendeshea usiku. Nianze na lipi?

Jibu

Dada, kuna sentensi umeipitia haraka ambayo mimi imenisimamisha: wanakupigia fuli wakati umeweka dimu. Dereva wa upande wa pili hajui kama taa zako ni mpya au zimechoka. Anachojua ni kwamba zinampiga machoni. Basi kabla ya kuzungumzia taa za wenzako, tuangalie zako zinatazama wapi.

Magunia matatu ya mchele ni kama kilo 300, na yote yako nyuma. Gari linakaa kitako, pua inainuka, na taa zinainuka pamoja nayo. Taa ya dimu imetengenezwa itazame chini kidogo sana, takriban sentimita 1 kwa kila mita 1 ya umbali. Ukiwa mita 10 kutoka kwenye ukuta, mwanga unapaswa kuwa umeshuka sentimita 10 tu. Pua ikiinuka hata kwa nyuzi moja, mwanga huo haushuki tena, unapanda, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kupanda. Hapo dimu yako inafanya kazi ya fuli, na wewe uliyeko kwenye usukani huna namna ya kulijua. Mwenzako anadhani umemfanyia makusudi, anakurudishia fuli, nawe unabaki kipofu. Sehemu ya mwanga unaoulalamikia ni majibu ya mwanga wako mwenyewe.

Hili unaweza kulipima Ijumaa hii bila kumlipa mtu. Jaza upepo kwenye tairi kwanza. Ukishapakia mchele, tafuta ukuta mbele ya sehemu iliyo tambarare. Sogeza gari hadi pua ikaribie kugusa, chukua chaki, uweke alama ukutani usawa wa katikati ya kila taa. Kisha rudi nyuma mita 5, washa dimu, na mtu akae kwenye kiti cha dereva ili uzito uwe ule ule wa safarini. Ziba taa moja kwa boksi, utazame nyingine, halafu ubadilishe. Utaona mstari: chini yake kuna mwanga, juu yake kuna giza. Mstari huo unapaswa kuwa kama sentimita 5 chini ya alama yako ya chaki, na sehemu yake ya kushoto iinuke kidogo, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na huko ndiko waliko watembea kwa miguu.

Ukikuta mstari uko juu ya chaki, umempata mchawi. Angalia karibu na usukani kama kuna kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Watu wengi wanamiliki gari miaka kumi bila kukigusa. Hicho ndicho cha kushusha taa ukiwa na mzigo: 0 ni gari tupu, na namba inavyopanda taa zinashuka. Kama gari lako halina kigurudumu hicho, au linacho lakini hakifanyi kazi, nyuma ya kila taa kuna skrubu ya kurekebishia, inazungushwa kwa bisibisi ya nyota. Mwambie fundi akurekebishie mzigo ukiwa ndani. Siku nyingine gari likiwa tupu mwanga utakuwa chini kidogo, na hilo linavumilika mjini. Mwambie pia aziangalie springi na shokomzoba za nyuma. Gari linalobeba mchele kila wiki huchoka nyuma, na likishachoka linabaki limekaa kitako hata bila magunia.

Neno moja kuhusu mstari huo kupanda kushoto. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa zilizokuja na gari lako zimetengenezwa kwa barabara kama zetu. Lakini kama taa moja iliwahi kuvunjika ukanunua ya mtumba, hakikisha haikutoka kwenye gari la nchi wanakoendesha kulia. Taa ya namna hiyo inapandisha mwanga upande wa kulia, moja kwa moja kwenye uso wa anayekuja, na hakuna skrubu itakayoiponya. Inabadilishwa.

Sasa tuje kwenye kioo kinachokuwa cheupe. Hapa umeniambia jambo jingine bila kujua. Taa ya gari linalokuja ikiwa kali lakini kioo chako ni safi, utaona nukta mbili kali na giza kuzunguka. Kioo kizima kikiwa cheupe, maana yake mwanga umeingia kwenye kioo ukatawanyika. Kitu fulani juu ya kioo kinautawanya.

Kuna mteja aliniletea Noah akilalamika kama wewe. Nikamkalisha kwenye kiti cha dereva, nikazima taa za gereji, nikasimama mbele ya gari nikiwa na tochi ya simu usawa wa macho yake. Akasema haoni uso wangu kabisa. Nikaingia ndani, nikapitisha kidole upande wa ndani wa kioo. Kidole kilitoka na utelezi, kama kimegusa sufuria ya pilau iliyosuuzwa kwa maji baridi bila sabuni. Alikuwa anaosha gari kila Jumamosi, lakini kwa nje tu. Ule utelezi unatoka kwenye plastiki za dashibodi, ambazo zikipigwa na jua hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo, na zaidi kwenye ile dawa ya kung'arishia dashibodi. Inapendeza mchana, usiku inakugeuzia kioo kuwa pazia. Kifute kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi na maji yenye siki kidogo, kisha ukifute tena kwa kitambaa kikavu. Rudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mara nyingi unasambaza tu mafuta. Na dawa hiyo ya dashibodi, kwa mtu anayesafiri usiku, ningekuomba uiache.

Upande wa nje tafuta michirizi ya waipa. Simamisha gari jua likiwa mbele yako, asubuhi au jioni, uone kama kuna upinde wa mistari myembamba unaong'aa pale waipa zinapopita. Jua la kwetu hukausha mpira wa waipa ukawa mgumu, kisha mtu anawasha waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi, na mchanga unafanya kazi ya msasa. Mistari miepesi sana inaweza kung'arishwa. Ile ambayo ukipitisha ukucha unakwama haitoki, kioo kibadilishwe. Waipa badilisha mara zinapoanza kuacha mistari ya maji, usingoje mvua za masika. Na tangi la maji ya waipa lisikauke: wadudu wa Ruvu peke yao wanatosha kuchafua kioo kabla hujafika Mlandizi.

Kuhusu taa kuchoka, fundi wako huenda ameona kweli. Tofauti yangu naye ni dawa. Plastiki ya mbele ya taa ikipigwa na jua miaka mingi hugeuka njano na kufubaa, mwanga unapungua na ule unaobaki unasambaa ovyo. Hiyo inasuguliwa kwa msasa wa maji, unaanza na namba 800, unakwenda 1500, unamaliza na 2000, kisha polishi, kisha inapakwa dawa ya kuzuia jua. Fundi akiruka hiyo hatua ya mwisho, baada ya miezi michache umerudi ulikotoka. Dawa ya meno inang'arisha kidogo kwa siku chache. Dawa ya kufukuza mbu ya kupuliza mwilini, ambayo nimeona vijana wakiitumia pale pale mbele ya mteja, inayeyusha plastiki yenyewe. Taa inang'aa mbele ya macho yako unapolipa, kisha inaharibika vibaya kuliko mwanzo. Usikubali.

Kitu cha pili ni umeme unaofika kwenye balbu. Mwambie fundi umeme apime kwa mita kwenye soketi ya balbu, injini ikiunguruma na taa zikiwa zimewashwa, alinganishe na anachokipata kwenye betri. Betri ikiwa na volti 13.8 na soketi ina 12.3, mahali fulani njiani umeme unapotea: athi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) yenye kutu, soketi iliyoungua, swichi iliyochoka. Usione hizo volti moja na nusu ni kidogo. Balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye waya unaowaka ndani, ikipungukiwa umeme kwa asilimia 10 hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Nimeona magari ambayo kusafisha athi tu kumeyarudishia taa, na mwenye gari alikuja akiwa ameshika balbu mpya mkononi.

Sasa hizo LED. Sizichukii. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED lina bakuli (ile sehemu ya ndani ya taa inayong'aa na kurusha mwanga mbele) na kioo vilivyochorwa kwa ajili yake. Lako lilichorwa kwa balbu ya halojeni. Toa balbu uitazame. Ikiwa na miguu mitatu ni H4, wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Ndani yake kuna nyaya mbili nyembamba, na chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya bakuli, kwa sababu mwanga unaopiga chini ndio unaorushwa juu, machoni mwa watu. Ule mstari uliouona ukutani umechorwa na kikombe hicho pamoja na mahali hasa ulipokaa waya. Balbu ya LED ya kuchomeka haina waya. Ina vipande bapa vya mwanga pande mbili, na vikikaa milimita moja tu nje ya mahali pa waya, bakuli linarusha mwanga kusikotakiwa. Ipime kwenye ukuta ule ule wa chaki: mara nyingi mstari unayeyuka, unabaki ukungu mweupe. Wewe utaona kama umepata taa nzuri, kwa sababu mita 20 za mbele yako zinawaka kama mchana. Lakini mwanga huo wa karibu unabana mboni ya jicho, na kule mbali, alikosimama mtu kando ya njia, unaona kidogo kuliko mwanzo. Na anayekuja mbele umempofusha. Kufanya hivyo kwa mtu anayekuja kwa kilomita 80 kwa saa ni jambo zito.

Usidanganyike pia na balbu za wati 100. Wati 55 zinavuta kama ampea 4.6, wati 100 zinavuta zaidi ya 8 kwenye waya ule ule. Soketi inayeyuka. Nunua H4 mbili za kawaida, za kampuni inayoaminika, ufunge zote kwa pamoja, na usishike kioo chake kwa vidole.

Miwani ya njano mrudishie mdogo wako kwa shukrani, amekufikiria. Kioo chochote chenye rangi kinapunguza mwanga unaoingia jichoni, na usiku mwanga ndicho kitu tunachokikosa. Mwaka 2019 watafiti wa Boston waliwapima madereva kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji wa usiku. Waliovaa miwani ya njano hawakumwona mtembea kwa miguu vizuri zaidi.

Unachohitaji ni kupimwa macho. Umesema una miaka 47. Kuanzia umri huo lenzi ya jicho huanza kupoteza uwazi wake, na jicho huchukua muda mrefu zaidi kurudi baada ya kupigwa na mwanga. Kama taa unaziona zikiwa na miale kama nyota, huenda unahitaji miwani yenye namba. Kama zina duara la ukungu, hata baada ya kusafisha kioo, mtoto wa jicho hufanya hivyo anapoanza, na anatibika. Hapo mimi fundi wa magari naishia, daktari wa macho anaendelea.

Ukiwa njiani, gari likija na fuli, mpe ishara moja fupi, basi. Asipoelewa, usishindane naye. Peleka macho kwenye mstari mweupe wa kushoto, punguza mwendo, na usizitazame taa zake. Kwenye kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukipofuka sekunde tatu umeshapita zaidi ya mita 60 bila kuona, na ndani ya hizo mita 60 panatosha lori bovu lililowekewa matawi ya miti barabarani au baiskeli isiyo na taa. Lori likikuwashia indiketa ya kulia linapokukaribia, linakuonyesha ukingo wake ulipo, shukuru ubane kushoto. Tangu 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, barabara hiyo haina saa ya utulivu, kwa hiyo kuchelewa kuondoka hakutakusaidia sana. Kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kina kijiti chini yake, kijiti hicho kivute pale magari ya nyuma yanapokumulika. Taa za dashibodi zipunguze. Na ukisimama Chalinze, kabla hujanunua chochote, chukua kitambaa chenye maji ufute taa zako na kioo.

Anza na ukuta na chaki, kisha kioo upande wa ndani. Ukimaliza hivyo viwili, safiri Ijumaa moja uhesabu ni wangapi wamekupigia fuli kati ya Chalinze na Mlandizi. Niandikie hiyo hesabu, pamoja na namba iliyoandikwa kwenye kitako cha balbu yako.