Ng'ombe kutoshika mimba wakati wa kaskazi

Pole sana ndugu yangu wa Pongwe. Kupandisha ng'ombe mara mbili, Januari na Februari, asishike, kunauma. Wangu walinitesa vivyo hivyo. Jua likiwa kali, dalili za joto, yaani za ng'ombe kutaka kupandwa, hufupika na nyingi hutokea usiku. Amka saa kumi alfajiri umtazame: akisimama kupandwa na wenzake asubuhi, mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu, aje jioni ileile, akionekana jioni, aje kesho asubuhi. Banda liezeke makuti, bati linachoma. Maji yasikauke kutwa, majani mengi mpe usiku. Dume la kuazima usilikubali kabisa, magonjwa ya kutupa mimba huenea kwa kupandana. Akirudi kwenye joto mara ya tatu, au akitoa usaha, mwite daktari wa mifugo ampime kizazi.