Mafuta ya karafuu, kitunguu saumu na bakteria wazuri wa tumboni

Chupa nyingi za mafuta ya mimea huja na ahadi ileile: yanaua bakteria wabaya na kuwaacha wazuri. Usiimeze ahadi hiyo haraka. Eugenoli ya karafuu, thimoli ya zaatari na karvakroli ya oregano huua kwa kuharibu utando unaoizunguka seli ya bakteria, na hazichagui utando wa nani. Tena E. koli na salmonela wana utando wa ziada kwa nje unaowakinga kiasi, ilhali laktobasila na bifidobakteria, ambao ndio tunaotaka wabaki, hawana.

Basi mbona pilau haimalizi bakteria wetu? Kwanza, mafuta na protini za chakula huzishika kemikali hizi na kuzipunguzia makali. Pili, na hili ndilo kubwa, eugenoli haifiki mbali. Hufyonzwa mapema kwenye utumbo mwembamba. Watu waliopewa miligramu 150 waliitoa karibu yote kwa mkojo ndani ya saa 24. Bakteria wetu wengi wanaishi kwenye utumbo mpana, huko mwisho. Yale majaribio ya maabara yanayoonyesha duara tupu, lisilo na bakteria, kuzunguka tone la mafuta yanasema ukweli kuhusu kisahani tu, kwa sababu kisahani hakina tumbo, ini wala wali.

Kwa hiyo unaposoma lebo, usiishie kwenye jina la mmea. Tazama kama kidonge kimefunikwa kwa ganda lisiloyeyuka kwenye mfuko wa tumbo. Ganda hilo linasogeza dawa chini zaidi, karibu na bakteria unaowalinda, na hapo tahadhari iongezeke. Berberini, kemikali nyingine ya mimea, nayo haihitaji hata ganda: hufyonzwa kidogo mno, nyingi hubaki ndani ya utumbo na kuwagusa bakteria moja kwa moja. Bidhaa za namna hiyo hazifai kunywewa miezi na miezi "kwa ajili ya kusafisha tumbo". Tumbo lenye afya halina cha kusafishwa.

Sasa hesabu ya karafuu. Gramu moja ya karafuu kavu ina mafuta kama miligramu 150 hadi 200, na chai au pilau huchukua sehemu tu ya hayo. Mafuta yaliyotolewa kwa mvuke, yawe ya karafuu yenyewe au ya makonyo (vikonyo vyake) kama yanayotengenezwa Pemba, ni jambo jingine kabisa: kwa kawaida asilimia 70 hadi 90 ni eugenoli. Kiwango cha eugenoli kwa siku kinachokubalika na wataalamu wa viambato vya chakula wa WHO na FAO ni hadi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 150. Tone moja la mafuta lina eugenoli kama miligramu 40, hivyo matone manne tayari yamevuka. Mtoto wa kilo 12 anavuka kwa tone moja. Kijiko cha chai kinapita kiwango cha mtu mzima zaidi ya mara 25, na watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 wamepata degedege, wamepoteza fahamu na ini limeumia. Mtoto asinyweshwe mafuta haya kabisa.

Wanaoyatia kwenye glasi ya maji wajue kwamba mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Yanazama, na funda la mwisho ndilo linalobeba yote, likichoma koo na tumbo. Ukitaka karafuu, tafuna moja au ichemshe kwenye chai, na mafuta yabaki nje ya kinywa.

Kitunguu saumu kina mambo yake. Alisini, kemikali yake inayoua bakteria, haimo kwenye punje nzima. Huzaliwa punje inapopondwa na kimeng'enya kikakutana na malighafi yake. Ponda, acha dakika 10, ndipo utie chakulani. Ukikirusha kwenye mafuta ya moto papo hapo, kimeng'enya kinakufa. Punje moja ya wastani kwa siku, yaani gramu 2 hadi 5, inatosha mtu mzima. Kinachofika utumbo mpana ni hasa fruktani, aina ya sukari ambayo bifidobakteria wanaila na kutoa gesi. Wauzaji huita gesi hiyo dalili ya "bakteria wabaya kufa". Si kweli. Ni bakteria wamekula. Ikikusumbua, punguza hadi nusu punje iliyopikwa.

Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au anayesubiri upasuaji amwambie daktari kabla ya kuanza vidonge vya kitunguu saumu, maana huongeza hatari ya kutoka damu. Mwenye kunywa dawa za kupunguza VVU naye aulize: vidonge hivyo viliwahi kuonekana kupunguza saquinavir, mojawapo ya dawa hizo, mwilini kwa karibu nusu.

Uko kwenye antibiotiki? Usiongeze mafuta ya mimea juu yake. Kunywa mtindi ambao haukuchemshwa baada ya kuganda, saa 2 mbali na dawa. Na mtoto anayeharisha anahitaji ORS na zinki, si mwarobaini. Akiharisha damu, kituo cha afya siku hiyohiyo.

La mwisho ni chupa ya kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye mafuta ya kula. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, kitunguu saumu cha namna hiyo kilichokaa bila baridi kiliwapa watu botulizimu, yaani sumu ya bakteria inayopoozesha mwili: bakteria wake hustawi pasipo hewa, na kitunguu hakikuwazuia. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, tumia ndani ya siku 4. Kikibaki, mwaga.