Gari Likivuta Kulia, Fungua Gurudumu la Kushoto

Juma lililopita msomaji mmoja wa Bungoma aliniandikia kwamba Corolla yake ya mwaka 1996 huvuta kushoto kila anapokanyaga breki, na kwamba fundi amekwisha kumbadilishia pedi za breki mara mbili bila nafuu yoyote. Nilicheka niliposoma ujumbe huo, kisha nikanyamaza, maana kidonda changu cha aina hiyo hakijapona sawasawa.

Mwaka juzi nilikuwa nikitoka Nakuru na kuteremka kuelekea Subukia, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma na kuku wake wawili, huku lori la mawe likipanda kutoka bondeni. Nilipokanyaga breki kwenye kona, usukani ulijizungusha mikononi mwangu na kuelekea kulia, moja kwa moja upande wa lori. Niliuvuta kwa nguvu zangu zote na tukapita salama. Mama mkwe hakusema neno hadi tulipofika, ila jioni alimwambia mke wangu kwamba siku ya kurudi angependa kupanda matatu.

Fundi wangu alipoambiwa kwamba gari linavuta kulia, alitumia saa nzima kwenye gurudumu la kulia. Alisugua disiki, akaweka pedi mpya pande zote mbili, nami nikalipa. Baada ya siku nne gari lilivuta tena. Nikarudi, akaweka pedi za bei ghali zaidi, nikalipa tena, na mara hii nilimsema mbele ya wateja wake.

Kosa letu sote wawili lilikuwa moja, nalo ndilo ninalotaka wenye magari ya zamani walielewe. Gari linalovuta pale tu breki inapokanyagwa huelekea upande ambao breki yake inashika, kwa sababu upande wa pili haushiki vya kutosha. Ubovu, basi, kwa kawaida uko upande ambao gari halielekei. Ni tofauti na gari linalovuta hata usipokanyaga breki, huku rimu ya upande huo ikiwa moto kuliko mwenzake: hapo breki imeganda na haiachii. Na kabla ya yote hayo, pima upepo wa matairi ya mbele, kwa sababu tairi moja likipungukiwa unaweza kufungua bure kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye disiki.

Miezi kadhaa baadaye nilipiga jeki mwenyewe na kufungua kushoto. Pedi ya ndani ilikuwa imelika kupita nusu, ilhali ya nje ilikuwa karibu kama ilivyotoka dukani, dalili kwamba kalipa haitelezi kwenye pini zake, vile vijiti inavyosogea juu yake. Pini ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini, ambayo ina kipande cha mpira kwenye ncha, niliizungusha kwa koleo kwa muda mrefu, ikachomoka kwa mlio kama wa kizibo cha chupa. Mpira wake ulikuwa umevimba kama maharagwe yaliyolala majini usiku kucha.

Grisi nyeusi iliyoizunguka niliitambua mara moja. Ni mimi niliyeipaka mwaka mmoja kabla, grisi ya kawaida ya beringi, huku nikijisifu kwamba nimeokoa pesa ya fundi. Grisi ya namna hiyo huvimbisha mpira wa pini. Ningepaswa kumwomba fundi radhi, lakini naye alifungua kalipa hiyo mara mbili na hakuijaribu pini hata kwa kidole, na kwa hilo bado nina kinyongo.

Dawa yenyewe haikuwa ghali. Nilisafisha pini na matundu yake kwa spiriti, nikanunua mipira mipya, nikapaka grisi ya silikoni iliyoandikwa kuwa ni ya breki, kidogo tu. Pini lazima iteleze kwa kusukumwa na kidole. Isipoteleza, usirudishe gurudumu. Kalipa ifunge kwa waya wakati wa kazi, isining'inie kwenye hosi ya mafuta ya breki. Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea, kisha jaribu kwenye uwanja mtupu, si barabarani. Narudia, jaribu pini kwanza. Tuache tabia ya kununua pedi kila tunapoingiwa na hofu, kana kwamba pesa ndiyo inayosimamisha gari.

Ndugu wa Bungoma, gari lako linavuta kushoto, kwa hiyo anza na gurudumu la kulia. Pini zikiwa huru, mwambie mtu akanyage breki ukiwa umelegeza nati ya kutolea hewa kwenye kalipa, ulinganishe mafuta ya breki yanavyotoka pande zote mbili. Yakitoka kwa unyonge upande wa kulia, shuku hosi ya mpira, ambayo huweza kuziba kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Yakitoka sawa, itazame pistoni, ile inayosukuma pedi ndani ya kalipa.