Pafu Moja Tu: Maswali Yenu Kuhusu Vijana na Nikotini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kijana ameanza kuvuta, au yuko mbioni kuanza, afanye nini yeye, na walio karibu naye wafanye nini? Tumechagua tano.

SWALI: Kwenye begi la mwanangu wa miaka 14 nimekuta kitu kama flashi ya kompyuta, kinanukia matunda. Anasema ni mvuke wenye ladha tu, hauna nikotini. Nilimfokea sana, na sasa haongei nami. Nimwamini? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Pole sana, mama. Tuanze na kifaa chenyewe. Hiyo ni sigara ya kielektroniki, vijana huiita vepu. Ndani yake mna betri, waya mdogo uliosokotwa pamoja na pamba, na nafasi ya kimiminika. Kijana akivuta, waya unapata moto na kukigeuza kimiminika kuwa ukungu unaoshuka hadi mapafuni. Kimiminika hicho huwa na propilini glaikoli, gliserini, vionjo na, mara nyingi sana, nikotini.

Ukilipata boksi lake, tafuta kipimo cha nikotini. Asilimia 2 maana yake ni miligramu 20 katika kila mililita. Asilimia 5, ambayo kwa macho inaonekana ndogo, ni miligramu 50. Kifaa chenye mililita 2 za kimiminika cha asilimia 2 kina miligramu 40 za nikotini, wakati sigara moja ya kawaida huingiza mwilini kama miligramu 1 hadi 2. Si nikotini yote ya kwenye kifaa inayofika kwenye damu, lakini hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba "mvuke tu" si maelezo ya kweli. Na pakiandikwa sifuri, usitulie: maabara zimewahi kukuta nikotini kwenye bidhaa zilizodai hazina.

Zamani nikotini ilikwaruza koo, na mkwaruzo huo uliwakatisha tamaa wengi waliokuwa wanaanza. Vepu nyingi za sasa hutumia chumvi za nikotini, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi, na mkwaruzo umepungua. Mtoto anaweza kuvuta kiasi kikubwa bila kukohoa hata mara moja. Kwa hiyo usisikilizie kikohozi. Angalia kama anatoka mezani kila baada ya muda mfupi, kama anaamka na hasira zinazotulia akishaingia chooni, kama chooni kunabaki harufu tamu, kama pesa yake inaisha mapema kuliko zamani.

Sasa rudi kwake. Mwombe radhi kwa kufoka, lakini usiombe radhi kwa kuuliza. Chagua wakati ambao mikono yenu ina kazi, mnakunja nguo au mnatembea, kwa sababu kijana aliyekalishwa na kutazamwa usoni hujihami. Muulize yanayojibika: Ulianza lini? Unakipata kwa nani? Siku ukikikosa, unajisikiaje? Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Daktari Joseph DiFranza wa Marekani na wenzake walitengeneza orodha ya maswali 10 ya kupima kama nikotini imeshamshika kijana. Baadhi yanauliza kama aliwahi kujaribu kuacha akashindwa, kama hupata hamu kali, kama hukosa utulivu mahali pasiporuhusiwa kuvuta. "Ndiyo" moja tu inaonyesha kwamba ameanza kupoteza uhuru wake, na utafiti wao uliona dalili hizo hata kwa vijana ambao bado hawavuti kila siku. Ndiyo maana tunakusihi usingoje avute kila siku ndipo umpeleke kwa mhudumu wa afya.

Kifaa chenyewe kiweke mbali na watoto wadogo, na usikichome wala kukiponda, betri yake inaweza kulipuka. Mtoto mdogo akimeza kimiminika hicho anaweza kutokwa na jasho na mate mengi, kutapika, kisha kulegea. Usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na kifaa.

SWALI: Nina miaka 16. Rafiki zangu hukutana kwenye shisha mwisho wa wiki. Nikikataa wanasema najifanya mtakatifu. Nikipiga pafu mbili tatu, na moshi umeshapita kwenye maji, kuna ubaya? Nikatae vipi bila kuwapoteza? – Msichana wa sekondari

JIBU: Mdogo wetu, maji ya shisha hupoza moshi, hayausafishi. Na kwa kuwa umepoa, unavuta kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kikao cha saa moja kinaweza kumwingizia mtu ujazo wa moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Mkaa nao hutoa kaboni monoksaidi, gesi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kile kizunguzungu ambacho wenzako wanakiita kulewa raha, mara nyingi ni mwili unaokosa hewa.

Kuhusu marafiki, usijione dhaifu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha utafiti ambamo watu wa rika tatu walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao, wengine wakiwa na wenzao. Mbele ya wenzao, vijana walijiingiza kwenye hatari zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wazima. Kwa hiyo uamuzi wa shisha usiufanyie palipo na bomba. Ufanye nyumbani, mapema.

Andaa sentensi moja fupi: "Mimi sivuti." Usiseme "leo sivuti", maana wataisubiri kesho. Usitoe sababu pia. Ukisema kifua kinakuuma, utaambiwa hii ni laini, haiumizi kifua. Wakirudia, rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile, kisha hamisha mazungumzo: "Nimesema sivuti. Enhe, ile safari ikawaje?" Ifanyie mazoezi kwa sauti ukiwa peke yako hadi isikwame mdomoni. Shika kinywaji chako na usikae ndani ya duara la bomba.

Halafu tafuta mwenzako mmoja asiyetaka, hata kama hajawahi kulisema. Majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950 yalionyesha kwamba mtu akipata hata mmoja tu asiyekubaliana na kundi, nguvu ya kundi juu yake inashuka sana. Huhitaji wawili. Pia patana na mzazi au dada yako: ukimtumia ujumbe wa neno fulani, anakupigia simu akuite nyumbani, na hakuhoji mbele za watu.

SWALI: Nina miaka 17, navuta sigara tano au sita kwa siku. Nimejaribu kuacha mara kadhaa, ila siku ya tatu nagombana na kila mtu na narudia. Je, mimi sina nia? – Kijana aliyechoka

JIBU: Nia unayo, kilichokosekana ni mpango wa siku hizo tatu. Ukivuta, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20 na kuchochea dopamini, kemikali ya kuridhika. Ubongo nao huongeza vipokezi vya nikotini, yaani sehemu zake zinazoinasa. Kila baada ya saa mbili hivi, nikotini iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu, na vipokezi vyote hivyo vinaanza kudai. Hiyo ndiyo arosto. Kwa kawaida hufika kileleni siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Umekuwa ukirudia pale hasa ambapo mteremko ulikuwa karibu.

Kwa hiyo, panga siku ya kuacha ndani ya wiki mbili zijazo, ambapo siku tatu za mwanzo hazina mtihani wala sherehe. Kabla ya hapo, andika kila sigara: saa ngapi, wapi, na nani. Utagundua mbili au tatu ndizo ngumu kweli, nyingine ni mazoea. Kwa zile ngumu, badilisha mahali au watu. Kama ya kwanza ni ile ya njiani kwenda shule na rafiki fulani, wiki hiyo pita njia nyingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa kila kitu, hadi kiberiti na vipisi vilivyofichwa. Na waambie watu wa nyumbani: "Siku hizi tatu nitakuwa mkali, nivumilieni." Ugomvi mwingi unaishia hapo.

Hamu ikija huchukua dakika chache. Weka saa ya simu dakika 10, kunywa maji polepole, nyanyuka utembee. Usikubali wala kukataa sigara kabla saa haijalia.

Halafu kuna kahawa, ambayo wengi hawaifikirii. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha moshi, kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda, usingizi hauji, nawe unadhani ni arosto. Punguza nusu ya kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Chingamu za nikotini, zinazotuliza hamu bila moshi, zinaweza kukusaidia, ila kwa umri wako uzitumie kwa maelekezo ya daktari. Wengi huzikosea kwa kuzitafuna mfululizo, wakapata kwikwi na kichefuchefu. Tafuna polepole hadi uhisi muwasho, ipumzishe kati ya shavu na fizi, muwasho ukiisha tafuna tena, kwa kama dakika 30. Usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla.

Ukiteleza ukavuta moja, usimalize pakiti. Andika kilichotokea dakika tano kabla yake, kwa sababu hapo ndipo mpango wako ulipovuja.

SWALI: Nawaonyesha wanafunzi picha za mapafu yaliyooza, wanacheka. Nifundishe nini? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, saratani ya miaka 30 ijayo iko mbali mno kwa mtu wa miaka 15. Anza na yaliyo karibu: pumzi inayokata uwanjani, arosto katikati ya mtihani, pesa.

Kabla ya kipindi, kusanya karatasi zisizo na majina zenye maswali mawili: umevuta chochote ndani ya siku 30? Unadhani wangapi kati ya 10 darasani wamevuta? Hesabu mwenyewe kwanza. Mara nyingi makisio huzidi ukweli, na darasa likiona hivyo, "wote wanavuta" inakosa nguvu. Makisio yasipozidi, usiyaonyeshe.

Kisha waeleze kuhusu tarehe 14 Aprili 1994, wakuu wa kampuni saba za tumbaku walipoapa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kusema hawaamini kwamba nikotini huleta uraibu. Miaka kumi kabla, waraka wa ndani wa kampuni ya tumbaku ya R.J. Reynolds ulikuwa umewataja vijana kuwa chanzo pekee cha kuziba pengo la wavutaji wanaopungua. Kijana hapendi kuamrishwa, lakini huchukia zaidi kutumiwa. Tumia hasira hiyo.

Katika igizo la kukataa, anayeshawishi awe wewe, si mwanafunzi. Tunataka wafanye mazoezi ya kukataa, si ya kushawishi.

SWALI: Mimi mwenyewe navuta. Nitamwambia nini mwanangu? – Baba

JIBU: Mwambie ukweli, ndugu: ulianza ukiwa na miaka mingapi, umejaribu kuacha mara ngapi, nini kilikushinda. Usimtume dukani kununua sigara wala usimwombe akuwashie. Usivute ndani ya nyumba wala kwenye gari, kufungua dirisha hakuondoi moshi. Kama mwanao naye anavuta na mkaamua kuacha pamoja, msitumie chingamu za kipimo kimoja kwa kubahatisha. Mtu mzima anayevuta sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu aamke kwa kawaida huanza na za miligramu 4, anayechelewa zaidi huanza na za miligramu 2. Za mwanao aandikiwe na daktari.